Laptopu ya Bei Nafuu Mezani Makebuko: Tuipime kwa Nini?

Laptopu nyingi zinazoingia Burundi kwa barabara ya mashariki huja na plagi isiyoingia ukutani. Zimetoka Dar es Salaam, zikapanda hadi Kahama, zikavuka mpaka wa Kabanga na Kobero, zikafika Muyinga, na nyingine zikashika njia ya Karusi hadi Gitega. Waya wake una meno matatu bapa, kama soketi za Tanzania, Kenya na Uganda zinavyotaka. Prizi za Burundi, urithi wa Wabelgiji, zina matundu mawili ya mviringo. Basi mnunuzi huuziwa adapta ndogo ya plastiki. Huichomeka, ikalegea, ikaanza kutoa cheche, na baada ya miezi michache anarudi dukani akiulizia chaja mpya. Dawa yake ni rahisi mno: ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye tofali la chaja huchomoka, na waya wa meno ya mviringo unauzwa mjini kwa pesa kidogo. Badilisha waya, adapta itupe.

Plagi ni mfano mfupi wa kosa refu. Laptopu ya bei nafuu huandikiwa sifa na watu wanaoishi mahali ambapo umeme haukatiki, duka la vipuri liko mtaa wa pili, na intaneti haipimwi kwa megabaiti. Wao hupima kasi, wembamba na uzuri wa kioo, kisha hutoa alama. Alama hizo husafiri pamoja na mashine hadi kwetu, nasi tunaziamini kwa fedha zetu. Kwa mtu wa Makebuko naona utaratibu huo inafaa upinduliwe: umeme upimwe kwanza, fundi wa pili, kibodi ya tatu, kasi ije mwisho. Mashine iliyoshinda katika yale matatu ya mwanzo, mara nyingi kasi yake inatosha na kubaki.

Makebuko haiko mbali na mji wa Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Lakini ofisi za huko si ofisi za wizara. Fikiria meza ya katibu wa ushirika wa Sangwe, ule wa wakazi wa kilima, wenye daftari la wanachama, hesabu za mbolea na mahindi, na mihtasari ya mikutano. Fikiria mwalimu mkuu anayepanga alama za wanafunzi kila mwisho wa muhula, muuguzi wa kituo cha afya anayejaza ripoti ya mwezi, na kijana mwenye kibanda cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasi. Kazi zao zote nne ni zilezile: kuandika, kupanga namba, kuchapisha, na mara mojamoja kutuma faili kwa intaneti ya simu. Hakuna hata moja inayohitaji mashine ya kutengenezea filamu. Zinachohitaji ni mashine itakayokuwa inawaka saa ile kazi inapotakiwa kumalizika.

Hapo ndipo umeme unapotangulia. Katika Burundi nzima, takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye mwenye umeme nyumbani, na vijijini ni wachache zaidi. Si kwamba hakuna linalofanyika. Huko Mubuga, mkoani Gitega kwenyewe, kuna shamba la paneli za jua la megawati 7.5 lililoanza kazi mwaka 2021. Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, yana mtambo wa megawati 80 ambao Burundi hugawana na majirani hao wawili. Ila waya mkubwa unaopita juu ya kilima haumpi umeme mtu aliye chini yake. Na aliyeunganishwa na REGIDESO, shirika la maji na umeme, naye anajua kukatwa kwa zamu, hiyo delestaji ambayo imeingia katika Kiswahili cha Burundi kama ilivyoingia jioni zetu.

Tufanye hesabu, maana hapa maneno matupu hayasaidii. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 80 au zaidi. Laptopu ya ofisini inayoandika barua na kujaza majedwali hula kati ya wati 10 na 15. Kwa siku ya saa 8, ya mezani itataka wati-saa 640. Laptopu ya wati 12 itataka 96. Sasa chukua betri ya sola ya kawaida, volti 12 na ampia-saa 100. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiizoesha kuishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo una 600 za kutumia. Kompyuta ya mezani itazimaliza zote kabla siku haijaisha. Laptopu itakwenda nazo siku 6. Kwa hiyo nikiulizwa kama ofisi ndogo ya kijijini inunue ya mezani kwa sababu ni rahisi zaidi, jibu langu ni hapana. Bei yake ya kweli ni pamoja na paneli na betri zitakazoilisha.

Wazo hili si geni. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Mashine yenyewe, iliyoitwa XO, ilipotoka ilikaribia dola 200, na jirani zetu wa Rwanda walipokea zaidi ya 200,000. Ahadi nyingi za mradi ule hazikutimia. Lakini wahandisi wake waliona jambo moja ambalo watengenezaji wengi wa leo bado hawalitazami: walijenga mashine iliyokula wati chache tu, na kioo kilichosomeka juani. Walianza na umeme. Laiti laptopu za madukani leo zingeanzia hapo.

Kwa mwenye sola kuna jambo jingine. Njia ya kawaida ni kuchukua volti 12 za betri, kuzipandisha kwa inveta hadi 220, kisha chaja ya laptopu izishushe tena hadi 20. Kila hatua inakula kitu njiani, na inveta yenyewe hunywa umeme hata ikiwa haina mzigo. Laptopu inayochajiwa kwa tundu la USB-C inaweza kuruka safari hiyo: unanunua chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha, wati 45 au 65, unaiunga na betri ya sola, na umeme unaingia moja kwa moja. Si kila tundu la USB-C linachaji, kwa hiyo lijaribiwe palepale. Ila laptopu nyingi za kiofisi za kuanzia mwaka 2018 hivi zinaweza. Ukikuta mashine mbili za bei moja, moja ina sifa hiyo na nyingine haina, usifikiri mara mbili.

Kisha betri ya laptopu yenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo muuzaji huizungumzia kwa ufupi kuliko zote, na ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Betri huandikwa uwezo wake kwa wati-saa: 45, 50, 60. Mashine inayokula wati 10 kwenye betri ya 50 itakwenda saa 5. Betri hiyohiyo ikichakaa hadi asilimia 60 itakupa saa 3, na ikichakaa zaidi huanza kudanganya: inaonyesha 40, kisha ghafla giza. Niliwahi kununua laptopu ya mtumba katika duka moja mjini Gitega. Dukani ilisoma asilimia 100, nami nikaridhika. Nyumbani umeme ulipokatika ilinipa dakika 25. Nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuza, akagonga kifuniko kwa kidole, akasema, «Mzee, mashine ni nzima. Hii betri umeuziwa ganda.» Ilikuwa ya bandia, imetiwa nembo ya kampuni maarufu, na ndani seli zake ni dhaifu. Gharama ya betri halali ilikaribia theluthi ya bei niliyolipa mwanzo. Ile «nafuu» yote ilikwenda.

Ndiyo maana namtaka kila mnunuzi ajue amri moja ndogo. Katika Windows, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza kitufe cha kuingiza. Mashine itaandika faili ya ripoti na kukuonyesha ilipoiweka. Ndani yake kuna namba mbili zinazokaa jirani: uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo uliobaki. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 70, ama bei ishuke, ama utafute nyingine. Betri ya bandia inaweza kudanganya hata humo, kwa hiyo baada ya ripoti chomoa chaja, washa mwanga wa kioo kati na kati, na ukae nayo nusu saa ukiandika. Muuzaji anayekukatalia nusu saa amekwisha kukujibu.

Sasa swali ambalo watu huniuliza mara nyingi: mpya au mtumba? Wengi huamini kipya ni kipya. Niiweke wazi mpya ninayoizungumzia. Katika ngazi ya chini kabisa ya laptopu mpya utakuta prosesa ya Celeron ya viini viwili, kama ile N4020, RAM ya gigabaiti 4, na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina ya eMMC. RAM ndiyo meza ambayo programu hufanyia kazi. Gigabaiti 4 ndicho kima cha chini ambacho Windows 11 inakubali kuanza nacho, yaani ukifungua jedwali, kivinjari na barua kwa pamoja meza imejaa. Zile 64 za hifadhi ndicho kima cha chini pia, na karibu nusu humezwa na Windows kabla hujaweka faili lako la kwanza. Baya zaidi, mara nyingi vyote viwili vimechomelewa juu ya bodi. Huwezi kuongeza, huwezi kubadilisha. Ile eMMC ikichoka, bodi nzima imekwisha, na bodi ndiyo mashine.

Upande wa pili kuna laptopu zilizokuwa za makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba, zikatumika miaka mitatu au minne, zikauzwa kwa jumla na kusambaa hadi masoko yetu: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5. Hizi ni za mwaka 2018. Katika masoko ya nje mara nyingi huuzwa kati ya dola 150 na 250, yaani ziko katika safu moja na zile mpya za chini, pengine pungufu. Prosesa yake, tuseme Core i5-8250U, ina viini vinne. RAM na diski ya SSD hukaa kwenye nafasi zake na hutolewa kwa bisibisi. Bawaba zake zilitengenezwa kwa mtu anayefungua na kufunga mara kumi kwa siku. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomolewa kwa vidole, kwa hiyo mwenye betri ya nje ya akiba anaibadilisha bila kuzima mashine. Kwa nchi ya delestaji sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo kwa bei hiyo.

Na hapo tayari tumeingia kwa fundi, kigezo cha pili. Fundi wa Gitega au wa Muyinga hatengenezi kitu kwa kutazama jina lake zuri. Anatengeneza kilicho na vipuri. Modeli za kiofisi zilitengenezwa kwa wingi mkubwa na kubaki na umbo moja, kwa hiyo vioo, kibodi, feni na chaja zake zinapatikana Dar es Salaam, Nairobi na Dubai, na mashine mbili zilizokufa hutoa moja iliyo hai. Laptopu mpya za bei ya chini hubadilishwa umbo kila msimu, na kipuri cha mwaka jana huenda kisiingie katika ya mwaka huu. Watu hunijibu kwamba mpya ina dhamana. Ni kweli, lakini dhamana iko wapi? Kama kituo cha kuihudumia kiko Dubai, mwalimu wa Makebuko hana dhamana, ana karatasi.

Sitaki nionekane mtetezi wa mtumba wowote. Mtumba una mitego yake, na mkubwa ni umri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane au baadaye. Hapo soko liligawanyika mara mbili kwa siku moja, na wauzaji wengi hawaelezi. EliteBook 840 G3 na G5 zina majina yanayokaribiana. Ya kwanza ni ya kizazi cha sita, imebaki upande wa nyuma wa mstari. Ya pili imevuka. Namna ya kutambua iko katika jina la prosesa: i5-6300U huanza na 6, ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Usisome kibandiko kilicho juu ya mashine, maana vibandiko huuzwa. Soma ndani, kwenye ukurasa wa mipangilio unaoeleza mfumo.

Je, kizazi cha sita kitupwe? Hapana. Kikiuzwa kwa nusu ya bei, kina RAM ya 8 na SSD, na mwenye nacho akakubali kujifunza Linux Mint na LibreOffice, kitaandika barua na kupanga hesabu kwa miaka kadhaa. Kibanda cha kuchapa kinaweza kuishi hivyo. Lakini ofisi inayopokea mafaili ya Word kutoka ngazi za juu na kuyarudisha yakiwa yamejazwa itasumbuka: jedwali lililopangwa vizuri huku hufunguka limeteleza kule, na anayelaumiwa ni katibu wa kijijini.

Mtego mwingine ni kufuli. Laptopu iliyokuwa ya kampuni huenda bado imesajiliwa huko ilikotoka. Inawaka vizuri dukani, lakini siku utakapoisafisha na kuiunganisha na intaneti inadai barua pepe ya mwajiri usiyemjua. Nyingine zina nywila inayofunga mipangilio ya ndani kabisa, ile inayoonekana kabla Windows haijaanza. Kabla hujalipa, iwashe ukibonyeza kitufe cha kuingilia humo, na uombe isafishwe na kuanzishwa upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu.

Kibodi niliiweka ya tatu, na najua wengi wataona nimeipandisha mno. Nisikilize. Burundi imefundishwa kuchapa kwa mpangilio wa Kifaransa, ule wa AZERTY. Mashine zinazopita Kobero nyingi ni za QWERTY. Kirundi na Kiswahili havina alama juu ya herufi, kwa hiyo barua ya mwaliko wa mkutano wa ushirika utaiandika kwa kibodi yoyote. Ripoti ya Kifaransa inayokwenda ofisi ya juu ndiyo inayokwama, kwa sababu é, è na ç hazipo mbele ya macho. Unaweza kuiambia mashine ijifanye AZERTY na kubandika herufi za stika, lakini stika hutoka kwa jasho, na mgeni akiketi anachapa makosa matupu. Kwa mashine za kiofisi kibodi nzima huweza kubadilishwa na fundi, nayo ni gharama ya mara moja.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kabisa, nayo ni ya fedha. Mashine iliyotoka Dubai au Dar es Salaam imepangwa kwa desturi ya Kiingereza: nukta hutenga desimali, mkato hutenga maelfu. Karani wetu amefundishwa kinyume. Yeye huandika 1.500 akimaanisha faranga elfu moja na mia tano. Akiandika hivyo katika Excel ya mashine ile, kompyuta husoma moja na nusu. Haipigi kelele, haionyeshi rangi nyekundu. Inaandika 1.5 na kuendelea. Katika safu ya michango ya wanachama mia moja, namba tatu za namna hiyo zinatosha kuharibu jumla, na ugomvi wa ushirika huanzia hapo: mtu anashukiwa wizi, kumbe mwizi ni nukta. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuandika hata jina la ushirika, fungua mipangilio ya eneo na uweke nukta itenge maelfu na mkato utenge desimali. Ni kazi ya dakika mbili.

Na kwa kuwa tuko kwenye namba: katika AZERTY tarakimu za safu ya juu hutaka kushikilia kitufe cha herufi kubwa. Anayeingiza hesabu siku nzima kwenye laptopu ya inchi 14, isiyo na safu ya tarakimu upande wa kulia, atachoka na kukosea. Kuna kibodi ndogo za tarakimu za kuchomeka kwa USB. Mpeni mhasibu moja.

Hapa ndipo ninapomkumbuka ndugu aliyeko Ubelgiji. Jamaa wa Burundi walioko Brussels au Antwerpen wakirudi likizo huombwa simu. Waombeni laptopu. Ile inayouzwa mtumba kule ina kibodi ya AZERTY, tofauti kidogo na ya Ufaransa katika alama tu, na ina plagi inayoingia katika prizi za Gitega bila adapta. Hata ikizidi bei ya Kobero kwa dola 30, nahesabu kuwa ni nafuu. Akishindwa mwenye kuja, basi njia ya mashariki bado ni njema, ila mnunuzi ajue anachoongeza: waya, kibodi, mipangilio.

Kasi sasa. Nitaipitia haraka kwa sababu imekwisha kujieleza. Kitu kimoja tu hubadilisha maisha ya mashine ya zamani: diski. Ile ya kuzunguka hupeleka takriban megabaiti 100 kwa sekunde, tena hubabaika faili zikiwa ndogo na nyingi. SSD ya kawaida hufika 500. Usinunue mashine yenye diski ya kuzunguka isipokuwa umepanga kuibadilisha. RAM iwe 8. Kioo kiwe cha pikseli 1920 kwa 1080, maana jedwali pana kwenye 1366 kwa 768 hulazimisha kusogeza huku na huko kutwa nzima. Kwingineko, kati ya prosesa moja na jirani yake, katibu hatagundua tofauti. Chromebook za bei ya chini sana nazo zimeanza kuonekana. Bila intaneti ya kudumu ni nusu ya mashine, na kila moja ina tarehe yake ya kukoma kupata masasisho.

Intaneti katika vilima vyetu ni simu iliyowekwa mezani ikagawa mtandao. Windows isipoambiwa kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, itavuta masasisho usiku mmoja na kumaliza vocha ya mwezi. Weka alama hiyo mapema, na masasisho yachukuliwe mjini mara moja kwa mwezi. Virusi vyenyewe huku haviji kwa intaneti hasa, huja kwa flashi inayopita mkono kwa mkono kutoka kibanda hadi kibanda. Nakala ya pili ya daftari la ushirika ikae kwenye flashi isiyotoka kabatini.

Radi pia. Kanda ya Maziwa Makuu, hasa mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, nasi ni majirani wa karibu. Wingu likiguruma, chomoa chaja ukutani. Laptopu yenye betri nzima itakuacha uendelee na kazi. Kiangazi nacho kina vumbi jekundu linaloziba feni. Fundi aifungue na kuipuliza kila mwaka kabla ya mvua.

Bei imebaki. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta hutozwa forodha ya asilimia 0. Kinachotuumiza ni dola. Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani rasmi: dola iliyokuwa faranga 2,000 na kidogo ikapanda hadi takriban 2,800, na sokoni mitaani ilikuwa juu zaidi ya hapo. Kila mashine, kila betri na kila chaja hulipiwa kwa dola kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo laptopu ya kununua mara mbili ndani ya miaka minne ni ghali kuliko ya kununua mara moja na kuirekebisha mara mbili, hata kama ile ya kwanza ilionekana nafuu siku ya kwanza. Ndiyo sababu nyingine ya kuutanguliza ufundi mbele ya upya.

Kwa ushirika, shule au kituo cha afya cha Makebuko chenye fedha za mashine moja, chaguo langu ni hili: laptopu ya kiofisi ya mtumba, kizazi cha nane au zaidi, RAM ya 8, SSD ya 256, kuchaji kwa USB-C, betri iliyobaki na asilimia 70 au zaidi, na akiba ya fedha kando kwa ajili ya waya, kibodi na betri ya pili. Nakubali mpya pale tu inapokuwa na prosesa ya Intel N100 au bora, RAM ya 8 na SSD inayotoka, na pale ambapo ndani ya nchi yupo mtu wa kuisimamia dhamana yake. Mwenye kuandika barua mbili kwa mwezi asinunue yoyote. Simu yake na kibanda cha kuchapa vinamtosha, na fedha hizo zikanunue paneli.

Wewe unayekwenda Gitega au Muyinga kesho na bahasha ya ushirika mfukoni, usiitoe hiyo bahasha kabla muuzaji hajakuandikia ile amri ya betri mbele ya macho yako. Ripoti yake hutoka katika sekunde chache.